Kinanda Chini ya Kitanda cha Mzee wa Baraza

Kijiwe cha Mwamvita kiko pale unapotoka stendi kuelekea Bagara, kwenye kibaraza cha duka ambalo mwenye nalo alilifunga mara tu aliposikia Babati imepewa mkoa, akahofia kwamba mkoa utakuja na kodi yake. Benchi la hapo lilizaliwa liwe benchi la kanisa. Alilichonga Yohanes, fundi seremala na mzee wa baraza la usharika, likatoka na mguu mmoja mfupi, baraza likalikataa, naye akalileta mahali ambapo hakuna anayetarajiwa kukaa wima. Ukilikalia unaegemea upande mmoja kwa lazima, na wapita njia husema ndiyo maana hakuna hoja iliyowahi kusimama pale. Kahawa huchemshwa na Mwamvita mwenyewe, mama wa Kirangi aliyehamia kutoka Kondoa, ambaye husikiliza kila kitu na hukumbuka zaidi ya hapo.

Jioni hiyo Yohanes alifika na vumbi la mbao kwenye nyusi na hakumsalimia mtu. Alikaa upande wa mguu mzima, haki yake kama mtengenezaji. Walikuwapo watatu wa siku zote. Dominiko, mwalimu mstaafu, aliitwa Profesa kwa sababu ana methali kwa kila jambo, na karibu kila moja haihusiani na jambo. Rogath, Mchaga wa Rombo anayekata tiketi za mabasi, jina lake lilikuwa Tiketi. Na Elibariki, muuza spea za baiskeli aliyeokoka mwaka juzi, aliitwa Spika, maana kanisa lake lina spika nne na yeye hajawahi kuongea kwa sauti ndogo kuliko hizo.

— Kuna mtu mmoja pale Bagara, alisema Yohanes baada ya kikombe cha kwanza. Mtu wa heshima zake. Ana binti. Sasa binti ameitwa na chuo kule Arusha akasomee muziki.

— Akasomee nini? aliuliza Tiketi, ambaye habari hiyo aliipata tangu asubuhi kwa Mwamvita, aliyeipata kwa Mama Careen, ambaye ni mke wa Yohanes.

— Muziki. Kuimba na kupiga kinanda. Eti ndiyo iwe kazi yake.

— Pole yake huyo mtu. Simjui, lakini pole yake.

Wote wakatazama vikombe vyao. Ndiyo heshima ya kijiwe hicho: mtu akisema "mtu mmoja", hakuna anayemuuliza ni nani. Anaachiwa mtu wake akae naye palepale kwenye benchi, kisha huyo mtu anasagwa kama mahindi, na mwenye naye anasaidia kusaga.

— Na amejibu nini, huyo mtu? aliuliza Profesa.

— Amekataa. Jana usiku. Amesema kumwimbia Mungu ni ibada, kuimba kwa kulipwa ni uhuni. Ila mwalimu wa chuo anasema asipofika kesho, nafasi anapewa mwingine. Sasa mama wa binti hasemi na mtu. Anapika, anaweka mezani, anaondoka.

— Huo ndio mgomo mbaya, alisema Tiketi. Bora asipike, ujue moja.

— Huyo mtu anataka kujua kitu kimoja tu, aliendelea Yohanes. Binti kajifunzia wapi kinanda? Maana ameambiwa kwamba kwenye mashindano ya kwaya kule Bonga binti alikalia kinanda cha usharika mwingine, akakipiga mpaka watu wakasimama. Nyumbani hakufundishwa. Shuleni hakuna. Kajifunzia wapi?

Tiketi alipuliza kahawa iliyokwisha poa. Maana hapo Babati mjini hata kuku walijua kinanda cha usharika wa akina Yohanes kilipo. Kilinunuliwa kwa minada ya baada ya ibada, kuku kwa kuku na boga kwa boga. Kijana aliyekuwa akikipiga, Jesse, alikuwa akikipeleka kwenye harusi Jumamosi na kukirudisha Jumapili. Siku moja ya Meza ya Bwana akabonyeza kitufe kilichokuwa bado kina mambo ya jana yake, kikatoka mdundo wa dansi, na mabibi wawili wa umoja wa akina mama wakatikisa mabega kabla hawajakumbuka wapo wapi. Baraza likakaa. Jesse akatengwa mpaka atakapotubu mbele ya usharika, na kinanda kikakabidhiwa kwa Yohanes, kikae chini ya kitanda chake, mbali na dunia. Tangu siku hiyo usharika unaimba kwa makofi na kinanda kimebaki kitakatifu.

Isipokuwa kitambaa chake. Mara mbili tatu Yohanes alikikuta kitambaa cha kufunikia kimekunjwa vingine kuliko alivyokiacha, akasema ni panya, akatega mtego. Mtego haukunasa kitu. Mkewe alimwambia panya wa siku hizi wajanja. Yohanes akaukubali ujanja wa panya kwa moyo wote, kwa kuwa kukataa kungemlazimu afikirie kitu kingine.

— Mimi nitakwambia alikojifunzia, alisema Spika, na mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita akageuka kuangalia nani anaitwa. Hiyo ni kazi ya roho. Kuna roho ya muziki wa dunia. Inaingia kwa redio. Mtoto analala, redio inaimba, asubuhi anaamka anajua.

— Mbona mimi redio yangu hailali, na sijui hata kupiga mluzi? aliuliza Tiketi.

— Wewe imekuona hufai.

— Haya.

— Msicheke. Hizi kanda za kizazi kipya, ukiichukua moja ukaichezesha kinyumenyume, unasikia kabisa anatajwa yule mwovu.

— Umesikia wewe?

— Nilijaribu. Ilipokaribia kumtaja, redio ikaila kanda.

— Basi shetani kaila kanda yake mwenyewe, alisema Tiketi. Hasara imemrudia. Sasa nieleze, Spika: kanisani kwenu mna gitaa tatu, ngoma ya kizungu na spika nne, mpaka watu wa Nangara wanalalamika. Hiyo roho haiingii huko?

— Kule kwetu gitaa zimeombewa.

— Na wanaopiga?

— Wanaendelea kuombewa.

Profesa alikohoa, ishara kwamba methali iko njiani na watu wakae tayari.

— Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mnaona? Umeshawahi kusikia samaki anaimba? Hajaimba hata mmoja. Kwa nini? Alikunjwa mapema.

— Profesa, samaki haimbi kwa sababu ni samaki.

— Ndiyo hoja yangu hiyo. Na wakasema tena, kikulacho ki nguoni mwako. Waangalieni hawa waimbaji wa kwenye televisheni, nguo zinavyowabana. Wahenga waliona mbali.

— Mzee, hebu tuachie nguo za watu, alisema Tiketi. Mimi nina jibu la kitaalamu. Huyo mtu nyumba yake iko upande gani wa Bagara?

— Upande wa ziwani kidogo, alisema Yohanes, kisha akajuta.

— Nilijua. Ni viboko.

— Viboko?

— Viboko wa ziwani. Usiku wanatoka kula majani, wanaguna. Mmoja anaanza, mwingine anajibu, wa tatu anashika chini kabisa, besi ile ambayo hata makanisani hamna. Mtoto amelelewa pale miaka yote anasikia sauti tatu kila usiku. Atakosaje kujua kwaya? Chunguzeni, wasichana wote wanaoimba vizuri hapa Babati wanakaa karibu na maji. Huku kwenye mlima Kwaraa mnapata wasema uongo tu.

— Wewe unakaa wapi?

— Kwaraa.

Hapo hata Yohanes alikaribia kucheka, akajizuia kwa kumeza kahawa ya moto. Tiketi akaona njia iko wazi, akaendelea kueleza kwamba serikali ya mkoa mpya ingekuwa na akili ingewasajili viboko kama walimu wa muziki, kwa kuwa hawadai nyumba wala hawaombi uhamisho. Spika akasema viboko nao wanaweza kuwa na roho, imeandikwa habari za nguruwe waliokimbilia ziwani. Tiketi akataka kujua nguruwe na kiboko wamekutana wapi. Ikawa mjadala, na ule wa binti ukasahaulika kidogo, jambo lililomfaa kila mtu.

Ila Profesa hakusahau. Alikuwa mwalimu miaka mingi, na mwalimu haachi swali ubaoni.

— Mimi nadhani ni ukoo, alisema taratibu. Sauti haitoki hewani. Careen alipoimba kwenye mazishi ya marehemu mke wangu...

Jina lilikuwa limeshatoka, limekaa katikati ya benchi. Tiketi alitazama barabara. Spika, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za kijiwe, alishusha sauti na kuomba kashata.

— Namaanisha binti wa huyo mtu, alisema Profesa. Alipoimba, nilipata nguvu ya kutupa udongo. Kabla ya hapo mkono ulikuwa umegoma. Basi nikasema moyoni, hii sauti kuna babu alikuwa nayo. Maji hufuata mkondo.

— Hiyo methali imeingia, alisema Tiketi.

— Samahani, nitakuwa mwangalifu.

Babu alikuwapo. Kule Mbulu, kabla hawajashuka Babati, baba yake Yohanes alikuwa mpiga zeze, na hapakuwa na pombe ya harusi wala ya mavuno iliyopikwa bila yeye kuitwa. Alikuwa akiondoka nyumbani na zeze begani, akirudi baada ya siku nyingi amejaa sifa na mikono mitupu, na watoto walikuwa wamekula majani ya maboga peke yake. Mama yake alikuwa akisema zeze ndilo mke mwenzake, tena ndilo mke mkubwa. Mama huyo alipobatizwa alilichukua akalitia motoni mbele ya watoto, akamshika Yohanes mkono na kumwapisha kwamba hakuna wa ukoo huo atakayekula kwa uzi wa zeze tena. Yohanes aliapa. Kitu ambacho hakumwambia mtu, hata katika maungamo, ni kwamba siku ile alilia, na hakumlilia baba yake aliyekuwa hayupo. Alililia zeze.

Kwa hiyo jana usiku, binti yake aliposimama mbele yake akiwa ameshafungasha begi, hakuuona uso wa Careen. Aliona begi limening'inia begani kama zeze la baba yake, akaogopa. Alisema hapana kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Na alfajiri, kabla ya chai, alichukua mbao, akatengeneza sanduku, akakitoa kinanda chini ya kitanda, akakitia ndani na kulipigilia misumari pande zote. Ilikuwa kazi nzuri ya fundi. Careen alisimama mlangoni, akaiangalia mpaka msumari wa mwisho, akasema tu, "Shikamoo baba," kwa kuwa walikuwa hawajasalimiana.

— Mama Mwamvita, wewe mbona kimya? aliuliza Tiketi. Upande wenu huko dini inasemaje?

— Inategemea anayeulizwa, alisema Mwamvita, akimimina. Shehe wa kwetu alisema kaswida ni sawa, nyimbo za harusi ni haramu. Halafu akaoza binti yake, tukaimba siku tatu. Yeye alikuwa msikitini, anasema hakusikia.

— Spika, unaona? Watu wa masikio ya kuchagua mko dini zote.

— Mimi niliimba, alisema Mwamvita.

— Wewe?

— Mimi. Kaswida. Nilikuwa msichana. Nilishindanishwa na madrasa zote za Kondoa, nikawa wa kwanza. Baba alinibeba mabegani, mtoto mkubwa namna ile, akanipitisha sokoni. Mwaka uliofuata nikavunja ungo. Akaniambia sauti ya mwanamke mahali pake ni ndani.

— Ikawaje?

— Haikuwa kitu. Ikakaa ndani. Mpaka leo imo humu ndani, inachemsha kahawa. Ongeza?

Hakuna aliyetaka kuongezewa, lakini wote walinyoosha vikombe. Profesa alitafuta methali ya kufaa, na safari hii akakosa hata isiyofaa. Yohanes alitazama mikono yake. Kwenye kidole gumba cha kushoto kulikuwa na damu iliyovilia, alipojigonga na nyundo alfajiri. Fundi wa miaka yote hajigongi ovyo.

— Huyo mtu, alisema Spika kwa ile sauti yake ndogo mpya, hawezi kumruhusu hata akitaka. Si ndiye aliyemtenga Jesse? Atasimamaje kanisani? Watu watasema mtoto wa mwenzake alitengwa, wa kwake kapewa nauli.

— Watasema, alikubali Yohanes. Ni kweli watasema.

— Na Jesse mwenyewe yuko wapi siku hizi? aliuliza Tiketi.

— Anapiga kule kwetu, alisema Spika, akaangalia pembeni. Tulimpokea. Ameombewa.

Ndipo akaja mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, na kitambulisho cha ofisi kimening'inia shingoni, mmoja wa wale walioletwa na mkoa mpya na ambao bado huuliza maji ya bomba yanatoka siku gani. Viatu vyake vilikuwa vimeshapata rangi ya vumbi la Babati, kwa hiyo alikuwa amemaliza wiki ya kwanza.

— Shikamooni wazee. Habari za jioni, mama.

— Marahaba. Karibu kahawa.

— Ahsante. Naitwa Redempta, nimehamishiwa hapa ofisi ya mkoa. Nimepanga chumba pale Bagara.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Profesa kwa mazoea.

Redempta alipewa kikombe. Hakukaa, maana lile benchi lilimtia shaka. Alikunywa amesimama, akawaangalia kwa zamu, kisha akasema alilokuwa nalo.

— Samahani, nyie ni wenyeji, naomba kuuliza. Jirani yangu pale, nyumba yenye mbao zimeegemezwa ukutani, mlango wa buluu. Mwenyewe sijamwona, nasikia huwa anatoka asubuhi na anarudi usiku. Ila kila jioni nikirudi kutoka kazini kuna mtu anapiga kinanda humo ndani, taratibu kabisa, kama hataki asikiwe, na anaimba. Mimi ni mgeni hapa, sina ndugu. Nikisikia hivyo nazima jiko, nakaa mlangoni mpaka amalize, ndiyo napika. Wiki nzima ndiyo ilikuwa dawa yangu.

Akageuza kikombe mkononi.

— Leo nimepita, kimya. Mama wa pale amekaa nje na kanga kichwani, hajajibu hata salamu yangu. Binti amekaa chini pembeni yake. Sasa sijui desturi za huku, nisije nikakosea kwa kutoenda. Pale kuna msiba?

Spika, mwenye majibu ya roho zote, alichunguza kashata yake. Tiketi hakuwa na kiboko hata mmoja wa kumtuma. Mwamvita aliinama kuchochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Yohanes aliona kwamba wote walikuwa wanamngoja yeye, na kwamba walikuwa wamemngoja tangu alipokaa. Kila jioni aliyokaa hapo akieleza dunia inavyoharibika, nyumbani kwake palikuwa na mtu anakunja kitambaa upande usio wake. Na mke wake alikuwa anajua, jirani wa wiki moja alikuwa anajua, na yeye mwenyewe alikuwa anajua, akatega mtego wa panya. Aliona haya. Chini ya haya kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa hamu: jirani huyu wa wiki moja amemsikia Careen akipiga kinanda, na yeye baba yake hajamsikia hata siku moja.

— Hapana, alisema. Hakuna msiba.

— Ashukuriwe Mungu, alisema Redempta. Maana ulikuwa ukimya wa msiba kabisa.

Yohanes alirudisha kikombe kwa Mwamvita, akasimama, na benchi likainamia upande wa pili na kumwagia Spika kahawa gotini.

— Rogath, alisema, akitumia jina la ubatizo, jambo lililomfanya Tiketi naye akae sawasawa. Basi la kesho la Arusha, siti za mbele bado zipo?

— Zipo mbili, nyuma ya dereva. Nikuandikie ya nani?

— Zote mbili. Moja ya binti wa mtu mmoja.

— Na ya pili?

— Ya huyo mtu.

Tiketi alitoa kalamu sikioni, akaishika, hakuandika. Alikuwa amevumilia jioni nzima, na sasa alitaka haki yake.

— Mzee, tiketi ya basi haipokei "mtu mmoja". Kampuni inataka jina.

Yohanes aliwatazama wote, mmoja mmoja, kisha mgeni aliyekuwa bado hajaelewa chochote.

— Andika Yohanes, baba wa Careen. Halafu usiku huu ukutane na Jesse huko kwenu, Spika, umwambie mzee wa baraza atakuja kumwona akirudi kutoka Arusha. Asitubu kwanza. Anisubiri.

Akaanza kushuka kwa njia ya Bagara.

— Sasa unakimbilia wapi, kahawa ipo, aliita Profesa.

— Nina misumari ya kung'oa, alijibu bila kugeuka. Ni mingi. Nataka nimsikie kabla hajalala.

Redempta akauliza huyo mzee ni nani. Mwamvita akamwambia ni jirani yake, kisha akainamisha birika, likatoa tone moja na majivu. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akaanza kuosha vikombe, na huku anaosha alikuwa anaimba kitu chini chini kwa Kiarabu, na wanaume watatu kwenye benchi lililoinama wakajifanya hawasikii, mpaka alipofika ubeti wa pili, Spika akamwomba aongeze sauti.